Chumvi Ilipoondoka Ulimini

Katika kikundi chetu cha mapishi hapa Kaloleni, Voi, sheria ilikuwa moja na niliiweka mimi: chumvi hutiwa na mkono mmoja. Wengine waoshe mchele, wakate kabichi, wapigane na kuni mbichi mpaka macho yawe kama nyanya, lakini mfuko wa chumvi haguswi na mtu ila mimi. Mikono miwili ikiingia kwenye chumvi, kila mmoja atadhani mwenzake hajatia, au kila mmoja atadhani mwenzake ameshatia. Nimeona harusi ikiharibika hivyo, na bwana harusi mpaka leo anakumbukwa kwa pilau.

Mkono wenyewe ulikuwa wangu kwa sababu nilikuwa na ulimi. Nasema bila kuona haya. Shule niliachia darasa la tatu, huko milimani juu ya Mwatate, nikapelekwa kulea watoto wa watu. Kutoka hapo nikaingia shamba la mkonge kupikia vibarua, sima na maharagwe, siku saba kwa wiki, wanaume ambao wakikosa chumvi wanakupigia sahani mezani kama ngoma. Nilikuja Voi na sanduku moja na mwiko mmoja. Mwiko ule alinichongea marehemu mume wangu. Nikiusimamisha unanifika kifuani. Watu wengine wametundika vyeti vyao ukutani ndani ya vioo. Mimi cheti changu nilikiegemeza nyuma ya mlango. Msiba ukitokea, kuanzia Miasenyi mpaka Mwatate, watu walikuwa wanauliza kwanza, "Yule mama wa mwiko yupo?" ndipo waulize habari za hema.

Basi haya ninayoandika ni jinsi nilivyoupigania mwiko ule usinitoke. Nilipigana kwa vidonge.

Hedhi ilianza kunichezea nikiwa na miaka hamsini na mmoja, au hamsini na miwili, cheti cha kuzaliwa sina. Ilikuja mara mbili mwezi mmoja, ikakaa miezi mitatu bila kuonekana, kama mgeni aliyenuna, ikarudi siku moja tu nikiwa kanisani, halafu ikaenda zake. Sikuililia. Nilikuwa nimezaa, nimezika, nimefua vitambaa vya kutosha. Nilisema ahsante Mungu, sasa nitapumzika.

Hakuna aliyeniambia kwamba ikiondoka inaacha moto nyuma. Unaanzia hapa chini ya matiti, unapanda shingoni vile maharagwe yanavyopanda ndani ya sufuria, unafika masikioni, halafu jasho linamwagika mpaka nguo inashika mgongoni. Dakika mbili baadaye unatetemeka kwa baridi, katika jua la Voi. Sasa fikiria uko mbele ya meko matatu, sufuria tatu za watu mia tatu, kuni zinalia, na moto wa pili uko ndani yako.

"Mama, toka hapo," msaidizi wangu alikuwa akinipigia kelele. "Utaiva kabla ya maharagwe!"

"Nikiiva nipakulie wewe wa kwanza. Una njaa ya kurithi."

Wanawake wakacheka. Huyu msaidizi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka huko magharibi, lakini yeye amezaliwa Voi na Kiswahili chake ni cha hapa. Ana watoto watatu na bado nilikuwa namwita msichana. Mkono wake wa wali ulikuwa mzuri kuliko wangu, hilo nalikubali leo, siku zile nisingelikubali hata kwa viboko. Kipindi kile nilikuwa na hasira ambazo sikujua zimetoka wapi. Siku moja alinikatia kabichi nene kidogo nikamtupia kabichi nzima nyingine. Akaidaka. Akasema, "Ahsante mama, hii nayo nitaikata nyembamba."

Joto nililivumilia. Kutolala nako nilikuvumilia. Kilichonishika koo ni ulimi.

Ulianza kuwaka, kama mtu aliyeunguzwa na chai, lakini chai sijanywa. Kisha ikaja ladha ya msumari. Chochote nilichoweka mdomoni kilikuwa na msumari ndani yake. Nikajipa moyo kwamba ni meno. Nikapiga mswaki kwa magadi. Haikusaidia.

Wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa dada yangu. Alikuwa ananizidi miaka minane, aliishi peke yake kwenye boma letu la zamani milimani, na ndiye aliyenifundisha chumvi nikiwa bado sijui kufunga kanga. Alikuwa ananiwekea punje tatu ulimini na kuniuliza, "Ngapi?" Nikikosea napigwa konzi. Nilipanda kumtembelea, nikampikia kimanga, yaani ndizi na mihogo iliyopondwa na kunde, chakula chetu. Alichota mara moja akaweka kijiko chini.

"Hiki umempikia nani? Ng'ombe?"

"Kina nini?"

"Chumvi ya kulambia. Hata safari iliyopita ilikuwa hivi hivi. Nikafikiri una hasira na mimi nikanyamaza."

Nilichota nikaonja. Sikusikia kitu. Nikachota tena. Moto wa chakula niliusikia, ulaini wake niliusikia. Dada yangu akanitazama machoni, na mimi nikatazama mlangoni.

"Ni haya mambo ya kukoma hedhi," nikasema.

"Hata mimi nilikoma. Nikajimwagia maji kichwani nikaenda shambani. Wewe umekaa mjini sana, hata kuzeeka unataka kuitiwa fundi."

Tukacheka. Lakini nilishuka Mwatate nikiwa na hofu, na hofu hiyo nilikuwa naijua. Ni ile niliyokuwa nayo shamba la mkonge, nikisubiri wanaume waanze kupiga sahani.

Haikupita muda tukaitwa Miasenyi. Mzee aliyekuwa akiwauzia madereva wa malori chai na chapati kando ya barabara kuu alifariki, na malori yenyewe yaliegeshwa mstari mrefu kwa heshima yake. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyoambiwa. Tulipika wali, maharagwe, kabichi na mbuzi wawili. Wakati wa chumvi ulipofika wanawake wakanipisha kama kawaida. Nikatia kwa kiganja. Nikakoroga, nikadondoshea tone kiganjani, nikalamba.

Kimya. Msumari tu.

Nikatia tena. Nikalamba. Nikatia tena. Sheria yangu ilisema mkono mmoja, haikusema mara ngapi.

Kuna jambo moja la matanga ambalo mpishi lazima alijue: mwombolezaji hasemi vibaya chakula. Harusini watakusema mpaka bibi harusi asikie. Matangani mtu akipewa jiwe atalitafuna, atasema pole, atarudisha sahani. Kwa hiyo siku ile hakuna aliyenung'unika. Walikula. Wazee walikula, kwaya ikala, madereva wakala wamechuchumaa kwenye kivuli cha malori yao. Nikaanza kupumua.

Halafu nikaona watu wanaelekea kwenye pipa. Lilikuwa pipa la lita mia mbili, limejazwa asubuhi kwa ajili ya kunawa, kunywa na kuoshea vyombo, na maji ya kule hayachezewi. Alienda mmoja na kikombe, wakaenda watano, ukawa mstari. Mama mmoja mzito alikunywa vikombe vitatu bila kushusha mkono, akampa mtoto, akanywa tena. Niliona msaidizi wangu akiinamisha pipa ili kata ifike chini. Watu walikuwa bado hawajaanza kuondoka, na pipa lilikuwa tupu.

Nilimkuta nyuma ya hema akisugua sufuria kwa mchanga, kwa sababu maji ya kuoshea hayakuwepo tena.

"Chumvi ilikuwaje?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Mama, leo jua lilikuwa kali."

Sikumuuliza tena. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote. Pipa lilikuwa limeshasema.

Mwanamke wa virutubisho alinikuta katika hali hiyo. Alikuwa wa Mwatate, zamani akiuza mitumba pale sokoni, sasa anauza makopo ya vidonge vya lishe, anatembea nayo kwenye begi la magurudumu linalolia kokoto. Alikuja kwenye mkutano wa kikundi chetu baada ya ibada. Akatupanga mstari, akatutazama kucha, akatutazama weupe wa macho. Alipofika kwangu akatikisa kichwa kama amefika kwenye jeneza.

"Mama yangu, mwili ni gari. Hili lako oili imeisha."

"Gari gani linatoa jasho?"

"Rejeta, mama! Rejeta imetoboka!"

Hata mimi nilicheka. Lakini wenzangu walipotawanyika nilibaki, nikamvuta kando, nikamwambia habari ya ulimi. Yeye na dada yangu tu ndio waliojua. Hakucheka. Alinishika mikono yote miwili.

"Hiyo ni madini yamepungua. Miezi mitatu tu, mama. Utaonja mpaka mawazo ya watu."

Nikabeba makopo matano. La kifuniko kijani lilikuwa la mizizi ya wanawake, la kutuliza joto. La bluu lilikuwa magnesiamu, la usingizi. La manjano mafuta ya samaki. Jeupe unga wa soya. Na lile jekundu, hilo ndilo nililolibeba mkononi badala ya kuliweka mfukoni, lilikuwa zinki, na zinki ndiyo ya ulimi. Maandishi yote yalikuwa Kiingereza. Sikumwomba mtu anisomee. Nilichukua uzi wa mkonge nikafunga shingo za makopo: fundo moja asubuhi, mafundo mawili jioni. Nimeendesha mapishi ya watu mia nne bila kalamu, makopo matano yatanishindaje?

Wiki mbili za kwanza nililala. Ilikuwa magnesiamu, ilikuwa imani, ilikuwa uchovu wa miezi, sijui. Nililala kama gunia. Joto lilipungua, au nililisahau. Na mimi kwa kujivuna kwangu nikasimama mbele ya kikundi nikasema nimepona. Mwanamke wa Mwatate alikuwepo na simu yake. Aliniomba nirudie. Nikarudia, nimefunga kilemba kipya, nimeshika kopo jekundu karibu na shavu. Ulimi sikuutaja. Nilisema "nimepona" tu, kama mtu anayetangaza mvua kwa sababu ameona wingu. Wanawake wanne wa kikundi walinunua siku ile ile kwa sababu ya mdomo wangu, mdomo ambao ulikuwa hausikii chumvi.

Wiki ya tatu joto likarudi na ndugu zake.

Sasa hapa nilifanya kosa ambalo msomi asingelifanya, na pengine hata mjinga wa kawaida asingelifanya. Ni kosa la mpishi. Chakula kikikosa kukolea, mpishi haulizi, anaongeza. Niliona zinki haijakolea. Nikafanya vidonge viwili. Nikasubiri siku chache, nikalamba chumvi kidoleni, kimya, nikafanya vitatu. Nikaongeza na vya mizizi, kwa sababu joto nalo halijakolea. Nilijipika mwenyewe. Tumbo likaanza kupanda asubuhi, chai ikawa hainikai. Na ule msumari uliokuwa mdomoni ukawa mfuko mzima wa misumari. Nikajiambia, hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Maziwa yakitaka kuchemka si hutoa kelele kwanza?

Nilitapika kwenye mafiga ya watu, hapo ndipo nilipoenda kliniki.

Muuguzi alikuwa binti wa kwetu milimani. Alinisalimia kwa Kidawida, akaniita mao, yaani mama, na mimi nikamwaga makopo yote mezani kwake na nyuzi zake za mkonge. Aliyageuza moja moja akisoma mgongoni.

"Mao, hili jekundu kwa siku unakunywa ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Naonja."

Aliweka kopo chini. "Dawa haionjwi, mao. Hii ikizidi ndiyo yenyewe inaleta ladha ya chuma na kukutapisha. Ulikuwa unazima moto kwa mafuta ya taa."

Nilimpenda kwa sababu hakunibembeleza. Aliyapanga makopo kama mtu anayechambua mchele. Zinki, acha kabisa. Mizizi ya wanawake, acha, kwa sababu hata kopo lenyewe halisemi lina nini na kiasi gani. Soya ni chakula, ukitaka kula. Mafuta ya samaki hayatakuua wala hayatakuponya. Magnesiamu, kama inakulaza, kidonge kimoja, usiongeze. Akasema wanawake wengine hivi vitu huwasaidia kidogo joto, wengine haviwasaidii chochote, na hakuna anayeweza kukuambia mapema wewe ni yupi.

"Kuna dawa ya hospitali?"

"Ipo. Ya homoni. Joto hasa inalipunguza." Akafungua kadi yangu. "Lakini wewe mguu wako uliwahi kuganda damu."

Ni kweli. Miaka mingi nyuma, mguu wa kushoto ulivimba kama gogo, nikalazwa wiki mbili. Daktari naye akaja, akasoma kadi, akasema yale yale: kwa mguu ule, hiyo dawa hawezi kuniandikia. Wakanitoa damu kupima kama kuna upungufu, sukari, mambo mengine. Niliomba moyoni wakute ugonjwa. Nilirudi kuchukua majibu na muuguzi akasema kwa furaha, "Mao, damu yako ni safi kabisa!" Nilikaa pale kwenye benchi nikihisi kama nimefukuzwa. Mtu akiwa na ugonjwa kuna cha kutibu.

"Na ulimi?" nikamuuliza.

Alifunga kadi. "Sitakudanganya. Kwa wengine hurudi wenyewe. Kwa wengine haurudi. Kidonge cha hilo sina, na anayekuambia anacho, anakuuzia kopo."

Niliacha zinki. Mfuko wa misumari ukapungua ukabaki msumari mmoja. Kuwaka kukapoa. Ladha ya sukari ilirudi kidogo. Siku moja nilikunywa chai nikajua ina sukari, nikalia kama mjinga jikoni kwangu, nikakimbilia chumvi. Niliweka punje tatu ulimini, kama nilivyofundishwa. Nikasubiri. Zikayeyuka zikaenda zao bila kusema zilikuwa ngapi.

Mwanamke wa Mwatate nilikutana naye sokoni. Nikamwambia video ile aifute.

"Lakini mama, wewe mwenyewe ulisema umepona."

"Nilisema uongo. Futa."

"Imeshatembea, mama. Iko mbali."

Mambo ya simu siyajui, lakini najua neno likishatoka mdomoni. Niliwarudia wale wanawake wanne nikawaambia ukweli nusu: kwamba vidonge havikunisaidia. Mmoja akasema yeye vimemsaidia. Basi.

Mwiko sikuutoa. Nilitafuta njia. Nilianza kumwita msaidizi wangu wakati wa chumvi, nikamdondoshea mchuzi kiganjani. "Onja, ujifunze." Wenzangu waliona ajabu, sheria ya mkono mmoja sasa ina ulimi wa pili, lakini walifikiri nazeeka vizuri. Yeye alikuwa analamba na mimi nasoma uso wake. Nyusi zikikutana, bado. Akimeza haraka, imezidi. Akifumba macho, imetosha. Mwaka mzima nilipika kwa uso wa mtu mwingine, na mapipa hayakukauka, na sifa zilikuwa zangu. Nilikuwa navimba kichwa kwa sifa ambazo hata sikuzionja.

Siku moja tulikuwa tunafunga kuni, wawili tu, akasema bila kunitazama, "Mama, nikikunja upande huu wa uso maana yake ongeza kiganja nusu. Juzi ulifikiri ni kiganja kizima."

Nilisimama na kamba mkononi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Miasenyi."

"Na umenyamaza?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye mwenye mwiko."

Mtu mwenye akili angemshukuru. Mimi nilimwambia afunge kuni zake na aachane na mambo yangu, na mwezi mzima sikumwonjesha. Nilipika kwa kukadiria. Vyakula vingine vilikuwa sawa, vingine nafikiri havikuwa. Nilikuwa nachungulia mapipa.

Kisha dada yangu akafa. Alikohoa wiki moja, akasema ni vumbi, akalala. Huyo ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na ujasiri wa kuweka kijiko chini mbele yangu.

Kwetu mfiwa hapiki. Anakaa, anashikwa mkono, analetewa sahani. Nimepika kwenye misiba ya watu maisha yangu yote na sikuwahi kuwaza siku nitakapokuwa upande ule wa sahani. Kikundi kilikuja nyumbani kwangu Kaloleni asubuhi kabla ya kupanda milimani. Walipakia sufuria na magunia. Msaidizi wangu alisimama mlangoni, haingii, hatoki.

"Mama, pole."

"Ahsante."

"Nichukue mwiko?"

Ulikuwa nyuma ya mlango, hatua moja kutoka alipokuwa. Angeweza kuunyakua bila kuuliza. Joto lilinipanda pale pale, kutoka chini ya matiti mpaka masikioni, jasho likanitiririka kwenye nguo nyeusi, nikashindwa kujua kama ni lile joto la kila siku au ni kitu kingine. Niliutoa mwenyewe nikampa. Nikampa na mfuko wa chumvi.

Milimani kulikuwa na ubaridi na ukungu ulikuwa haujainuka. Tulimzika dada yangu karibu na migomba yake. Tuliporudi kwenye hema nikawekwa katikati ya wafiwa, na sahani ikaja: wali, maharagwe, kipande cha nyama, kabichi iliyokatwa nyembamba. Mwanamke wa ukoo aliyekaa kando yangu alikula haraka, akaniinamia.

"Hiki chakula kitamu. Kama cha mkono wako."

Niliweka kijiko mdomoni. Nilitafuna polepole. Nilitafuta chumvi kila upande wa mdomo kama mtu anayetafuta sindano kitandani. Nilitaka kujua jambo moja tu: mkono ule ni wangu nilioufundisha, au ni mkono mwingine, au ni bora kuliko wangu. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Kila mtu pale angesema kitamu, kwa sababu ni matanga. Yule ambaye angesema ng'ombe tulikuwa tumetoka kumfukia.

Nikageuka nikatazama pipa. Lilikuwa chini ya mti wa mlangoni, kata imening'inia, hakuna mstari. Nikaweka sahani kwenye kiti nikaenda. Watu wakanipisha, wakidhani nataka maji. Niligonga pipa kwa vidole kuanzia juu, nikashuka nikigonga mpaka sauti ilipobadilika. Maji yalikuwa bado zaidi ya nusu.

Msaidizi wangu alikuwa amesimama upande wa pili na mwiko mkononi, ananitazama, nyusi zimekutana.

"Mama? Chumvi?"

"Pipa halijakauka," nikamwambia.

Alifumba macho kidogo. Hakusema ahsante na ningemtukana kama angesema. Alirudi kwenye sufuria zake, na jioni walipopakia vyombo aliutia mwiko kwenye gari pamoja na vya kwake. Niliona. Sikumwambia aulete Kaloleni, naye hakuuliza.

Kopo la bluu bado liko dirishani kwangu, mafundo mawili, kidonge kimoja jioni. Usiku mwingine nalala, mwingine silali. Siku ile ya mazishi nilirudi kwenye kiti changu nikamaliza sahani yote, kwa sababu mfiwa hasazi. Maharagwe yalikuwa ya moto na kabichi ilikuwa imeshapoa. Hayo ndiyo niliyoyajua.